Mizani ya pweza Deep Sea: shajara ya kutenganisha namba kamili na desimali

Naiandika hii kwa ajili ya vijana wa Tanga, Pangani, Bagamoyo na kokote kwenye soko la samaki wanaotaka kujitengenezea mizani ya kidijitali inayopiga hesabu ya bei yenyewe. Kazi ya waya na skrubu ni ndogo. Kilichotuchelewesha sisi ni namba, ile tofauti ya namba kamili na desimali ambayo darasani mtu anaipita haraka haraka akipata tiki anaondoka, halafu ukija kuiweka kwenye mashine unakuta inakula hela za watu. Kwa hiyo mambo ya kawaida nitayapita mbio, kwenye namba ndo nitakaa.

Tupo wawili, mimi na mpwa wangu wa fomu tuu. Yeye anaandika programu, mimi nashika solda na kuuliza maswali. Wenye shida ni shangazi na wenzake wanaonunua pweza pale Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga.

14 Septemba 2024: lengo na vifaa

Shangazi aweke pweza kwenye sahani, skrini imwonyeshe uzito na hela, jioni impe jumla ya kilo na jumla ya hela. Saizi wanatumia mizani ya saa, kikokotoo cha simu na daftari, na daftari likilowa maji ya chumvi ndo basi tena.

Niseme mapema kabisa: mizani ya kujitengenezea haitakiwi kupimia biashara mpaka Wakala wa Vipimo waikague na kuipiga muhuri. Kwa hiyo yetu inakaa pembeni ya ile yenye muhuri, kazi yake kuandika na kujumlisha, watu wanalipana kwa ile ya saa.

Vifaa: bodi ya Arduino Uno ya kopi (kikompyuta kidogo unachokiandikia programu), sensa ya uzito ya kilo 20, moduli ya HX711 inayogeuza ishara ya sensa kuwa namba, skrini ndogo ya mistari miwili, waya, ubao. Sensa yetu ina waya nne za kuunga kwenye HX711, nyekundu inaenda E+, nyeusi E-, nyeupe A-, kijani A+. Nyingi ziko hivyo ila soma karatasi ya sensa yako kabla hujachoma solda. Kusetia tumetumia mawe ya mizani ya kilo moja na kilo mbili tuliyoazima sokoni.

22 Septemba: mafungu

Tumeanza na rahisi. Changu na tasi wadogo pale mchangani mara nyingi wanauzwa kwa fungu, hawapimwi. Fungu unahesabu, moja mbili tatu, hakuna mtu anayenunua fungu 3.4. Hapo ni pa namba kamili. Mstari wenyewe ni `int mafungu = 0;`, `int` ni sanduku la kuwekea namba kamili, na kila kitufe kikibonyezwa inaongezeka moja. Imefanya kazi papo hapo.

Mpwa wangu alikuwa bado anachanganya, namba nzima, namba kamili, desimali, zote kwake ni namba tu. Nikamwambia angalia mtaa wetu wa Ngamiani hapa Tanga, tuna Barabara ya 9 na Barabara ya 10, katikati hapo kuna nyumba na watu wanaishi lakini barabara hamna, huwezi kumwelekeza mtu Barabara ya 9.5. Namba kamili zinaruka hivyo hivyo, kati ya 9 na 10 hamna kitu. Desimali haziruki, kati ya 9 na 10 kuna 9.5, kati ya 9 na 9.5 kuna 9.25, na ukiendelea kukata hufiki mwisho. Namba nzima ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Ukiongeza na hasi zake, -1, -2, -3, ndo unapata namba kamili.

Na hasi tunazihitaji kweli. Ukiweka beseni tupu la gramu 350, ukabonyeza kitufe cha sifuri, halafu ukaliondoa beseni, mizani lazima isome -350. Kama programu yako haijui hasi, hapo itakuonyesha namba ya ajabu.

29 Septemba: robo tatu imepotea

Leo tumeipeleka sokoni kwa shangazi. Akaweka pweza wa kilo tatu kasorobo, ile ya saa inasoma vizuri kabisa 2.75. Bei tuliyoiweka ya kujaribia ni 9,000 kwa kilo. Skrini yetu ikaandika KILO 2 BEI 18000.

Shangazi akaangalia, akainama tena akaangalia. "Mwanangu, hii robo tatu imekwenda wapi?"

Hesabu sahihi ni 24,750. Shilingi 6,750 zimeyeyuka kwa pweza mmoja. Kilichotokea ni kwamba uzito ulikuwa umehifadhiwa kwenye `int`, na `int` haina pa kuweka sehemu, inachukua namba kamili tu. Watu wengi wanadhani 2.75 itasogea iwe 3 kwa sababu 3 ndo ya karibu. Haisogei, inakatwa. Hata 2.99 inakuwa 2. Na ukiwa upande wa hasi -2.75 inakuwa -2, yaani inakatwa kuelekea sifuri.

Kugawanya nako kuna mtego uleule na huu ndo umetula muda mrefu. Andika hivi:

`float x = 7 / 2;`

Ungetegemea 3.5 kwa sababu umeshasema `float`, yaani sanduku la desimali. Inakupa 3.00. Sababu ni kwamba mashine inafanya upande wa kulia kwanza, inakuta 7 na 2 zote namba kamili, inagawanya kwa namba kamili inapata 3 na moja iliyobaki inatupwa, halafu ile 3 ndo inavikwa desimali. Andika `7.0 / 2` inakuja 3.5. Mpwa wangu alikuwa anajaribia kwenye laptopu kwa Python, lugha nyingine ya programu, na kule 7/2 ilikuwa inampa 3.5 bila shida, kwa hiyo kwake programu ilikuwa sahihi. Python 3 ndo ilivyo, ukitaka ikate unaandika `//`. Na hiyo nayo angalia, `-7 // 2` kwenye Python inatoa -4 wakati `-7 / 2` kwenye Arduino inatoa -3, moja inashuka chini nyingine inaelekea sifuri. Ukihamisha hesabu kutoka mashine moja kwenda nyingine usiamini, jaribu na hasi pia.

Mtu anaweza kusema kukata kidogo si tatizo. Soko la hisa la Vancouver kule Kanada walianzisha kipimo chao cha jumla cha bei za hisa Januari 1982 kikiwa 1000.000, na kila bei ilipobadilika kompyuta ilipiga hesabu upya ikakata kila kilichozidi tarakimu ya tatu baada ya nukta badala ya kuisogeza kwenye namba ya karibu. Vipande vidogo vidogo hivyo, maelfu kwa siku. Kufika Novemba 1983 kipimo kilikuwa kinasoma 524 na kitu, walipokirekebisha ikaonekana kilitakiwa kuwa 1098.892. Soko lilikuwa linapanda, kompyuta inasema limeporomoka nusu. Na sisi kwenye daftari la pweza tunajumlisha vipande vidogo vidogo kila siku.

Dawa tuliyochagua: tuache kilo, tufanye kila kitu kwa gramu. Kilo 2.75 ni gramu 2,750, namba kamili safi. Kilo zitaonekana kwenye skrini tu kwa ajili ya macho ya mtu.

Ila kwanza tuligawanya kabla ya kuzidisha, `gramu / 1000 * 9000`, ikarudi 18,000 ileile, kwa sababu 2750 ukigawa kwa 1000 unapata 2 na robo tatu imeshatupwa kabla hujazidisha. Geuza: zidisha kwanza, gawanya mwisho.

6 Oktoba: bei imekuwa hasi

Ili kukwepa kugawanya tukasema elfu tisa kwa kilo ni shilingi tisa kwa gramu, basi `gramu * 9`. Gramu 2,750 ikatoa 24,750. Gramu 3,500 ikatoa 31,500. Tukafurahi. Akaletwa pweza mkubwa wa kilo nne na skrini ikaandika -29536.

Pweza mdogo anakubali, mkubwa anageuka deni. Hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza kwa sababu ukijaribia nyumbani na vitu vyepesi huioni kabisa.

Chanzo chake ni hiki. Kwenye Arduino Uno `int` moja inapewa biti 16, yaani nafasi 16 za kuweka 0 au 1. Biti 16 zinaweza kupangwa kwa namna 65,536 tu, nusu wamepewa hasi na nusu sifuri na chanya, kwa hiyo inaanzia -32,768 inaishia 32,767. Nne elfu mara tisa ni 36,000, imepita mwisho, inazunguka inatokea upande wa hasi: 36,000 kutoa 65,536 ni -29,536. Tulipofuatilia tukapata mpaka wenyewe. Gramu 3,640 inatoa 32,760, nzima. Ongeza gramu moja tu, 3,641, unapata -32,767.

Kwa hiyo namba kamili za darasani hazina mwisho lakini namba kamili za mashine zina mwisho, na mwisho huo unategemea mashine. Kwenye laptopu au bodi ya ESP32 `int` inapewa biti 32, hesabu ileile ingekubali. Python yenyewe inaongeza nafasi kadiri namba inavyokua.

Dawa ni `long`, inayofika 2,147,483,647. Lakini ukiandika hivi bado unakufa:

`long bei = gramu * 9;`

Kama `gramu` ni `int`, kuzidisha kunafanyika kwenye nafasi ya biti 16 kwanza, kunaharibika, halafu kilichoharibika ndo kinawekwa kwenye sanduku kubwa. Ni ugonjwa uleule wa 7/2, upande wa kulia haujui kushoto unataka nini. Fanya `gramu` yenyewe iwe `long` tangu mwanzo, au andika `9L`, hiyo L inaiambia mashine 9 ni `long`.

Huo mpaka wa 32,767 ndo ulioangusha roketi ya Ariane 5 safari yake ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996. Programu ya kuongoza ilichukua namba ya desimali ya biti 64 ikajaribu kuiingiza kwenye namba kamili ya biti 16, haikutosha, mfumo ukazima, na roketi ikaharibiwa haijamaliza hata dakika moja tangu iruke. Mpwa wangu nilipomwambia hilo alirudi kwenye programu akakagua kila `int` moja moja bila kuambiwa.

13 Oktoba: desimali kila mahali, na taa isiyowaka

Fundi mmoja wa redio mtaani akatushauri, nyie mnajisumbua, wekeni `float` kila sehemu mlale. Ina mantiki, desimali inabeba robo, inabeba nusu, na namba kubwa inabeba. Tukabadilisha zote.

Sasa akina mama wanapakia vipande vya pweza kwenye mifuko ya kilo moja, na wakataka taa ya kijani iwake mfuko ukitimia. Tukaandika: `if (jumla == 1.0)` washa taa. Kwanza tukajaribia bila pweza, tukaiambia programu iongeze 0.1 mara kumi. Skrini ikasoma 1.00. Taa haikuwaka.

Tukabadilisha taa, tukapima waya, tukageuza miguu ya taa, hamna. Taa nzima, waya mzima, skrini inasema 1.00 na sharti ni 1.0. Jioni ndo mpwa wangu akaiambia Arduino ichape tarakimu saba baada ya nukta, maana bila kuambiwa inachapa mbili tu. Ikachapa 1.0000001.

Akafanya hesabu ileile kwenye Python, ikatoka 0.9999999999999999. Mashine moja inapitiliza, nyingine haifiki, na hakuna hata moja inayosema moja kamili. Halafu akaniandikia 0.1 + 0.2 nione mwenyewe, jibu 0.30000000000000004.

Inabidi uelewe inavyoandika. Sisi tunaandika kwa makumi, kwa hiyo moja ya kumi kwetu ni nyepesi, 0.1. Lakini theluthi hatuiwezi, 0.3333 mpaka kesho, popote utakapokata umeacha kitu. Kompyuta inaandika kwa mbili mbili, 0 na 1. Kwake nusu ni nyepesi, robo ni nyepesi, nusu ya robo ni nyepesi, ila moja ya kumi ndo theluthi yake, inakwenda 0.000110011001100 bila mwisho. Inakata pale nafasi inapoisha. `float` ya kawaida ni biti 32, zinazobeba tarakimu zenyewe ni 24 tu, huo ndo mpangilio uliokubaliwa tangu 1985 na karibu kila mashine inaufuata. Kwa hiyo 0.1 iliyomo ndani ya bodi si 0.1, ni jirani yake wa karibu sana, na ukimjumlisha jirani mara kumi unafika nyumba ya jirani.

Na usisahau kwamba 3 na 3.0 kwenye hesabu ni kitu kimoja, kwenye karatasi 3.0 ni namba kamili bila ubishi. Ndani ya mashine zimehifadhiwa kwa mipangilio miwili tofauti kabisa, biti za moja hazifanani na za nyingine.

19 Oktoba: bamvua, na robo za shangazi

Maji yametoka sana siku hizi za bamvua, miamba iko wazi, pweza wameletwa wengi na mizani imefanya kazi mfululizo. Nafasi nzuri ya kujaribu.

Shangazi hajawahi kusema sifuri nukta mbili tano maishani mwake. Anasema robo, nusu, kilo kasorobo, tatu na nusu. Nikamwambia mpwa wangu arudie lile jaribio la taa lakini badala ya 0.1 aongeze 0.25 mara nne. Taa ikawaka palepale. Chapa tarakimu saba, 1.0000000. Tukajaribu nusu mara mbili, ikawaka. Robo tatu ukiongeza robo, ikawaka.

Jamani hili limenifurahisha kuliko kitu chochote kwenye huu mradi. Robo, nusu na robo tatu zinaingia kwenye 0 na 1 bila kubaki kitu, ni 0.01, 0.1 na 0.11 kwa maandishi ya kompyuta. Vipimo vya akina mama wa Deep Sea vinakaa ndani ya mashine sawasawa kabisa, na ile sifuri nukta moja tuliyofundishwa shule kwamba ndo ya kitaalamu ndo inayovuja. Desimali siyo mbovu yote basi, inategemea sehemu yenyewe inagawanyika kwa mbili mbili au la.

Lakini huwezi kumlazimisha pweza awe na robo kamili. Kwa hiyo tumeamua: uzito urudi gramu, namba kamili. Gramu 100 mara kumi ni 1,000 bila mjadala na taa inawaka. Tena tumeacha kuuliza kama ni sawasawa na 1,000, tunauliza imefika au imezidi, `if (gramu >= 1000)`, kwa sababu kipande cha pweza kinaweza kukutoa 985 kikakupeleka 1,010 bila kugusa 1,000.

Halafu tukagundua sensa yenyewe inatoa nini. HX711 haitoi desimali, inatoa namba kamili ya biti 24, kutoka -8,388,608 mpaka 8,388,607. Desimali inazaliwa pale maktaba, yaani programu ya HX711 iliyoandikwa tayari, inapogawa ile namba kwa kipimo chako cha kusetia. Jiwe lilelile la kilo mbili lisiloguswa na mtu utaona 1999.6, 2000.3, 1999.8. Hiyo ni tabia ya kupima, hakuna kipimo kinachotulia. Ukiikata kwa `(long)` unapata 1999, 2000, 1999, skrini inacheza na shangazi anakosa imani nayo. Tumeweka hivi:

`long gramu = lround(mizani.get_units(10));`

Inachukua wastani wa vipimo kumi, inasogeza kwenye gramu ya karibu, na hasi inaishughulikia vizuri pia. Hapo ndo mahali pekee desimali imeruhusiwa kuingia, mlangoni, kisha inageuzwa namba kamili na haitoki tena.

27 Oktoba: milioni kumi na sita

Jumla ya hela ilikuwa imebaki kwenye `float` tangu ule ushauri. Mpwa wangu kaiweka 16,777,216 akaongeza shilingi moja. Ikabaki 16,777,216. Akaongeza tena, na tena, haisogei.

Zile biti 24 ndo zimeisha. Juu ya hapo `float` inaruka mbili mbili, na ukivuka 33,554,432 inaruka nne nne. Malipo ya 24,750 hayagawanyiki kwa nne, kwa hiyo yanaingia kama 24,748 au 24,752, kila pweza, kimya kimya. Mtu wa nchi yenye hela kubwa anaweza kumaliza mwaka hajafika milioni kumi na saba. Sisi kwa shilingi kikundi kimoja kinafika mapema sana, kwa hiyo hili ni letu zaidi kuliko lao. Na kwenye Uno usikimbilie `double`, pale ni kitu kilekile na `float`. Kwenye laptopu ndo `double` ina nafasi kubwa.

Jumla imehamia `long`. Tahadhari moja: usijumlishe gramu za mwezi mzima halafu uzidishe kwa 9,000 mara moja, ukipita kama kilo 238 `long` nayo inafurika. Piga bei ya kila pweza peke yake, jumlisha bei.

3 Novemba: nukta na mkato

Fupi. Binamu anatunza rekodi kwenye simu ya mtumba iliyokuja na mipangilio ya Ujerumani. Kule mkato ndo nukta na nukta ndo mkato, kwa hiyo kilo mbili na robo tatu inaandikwa 2,75. Faili letu linatenganisha safu kwa mkato, mstari wa `19/10,2,75,24750` ukawa na safu nne badala ya tatu na hela zikahamia kwenye safu isiyokuwepo. Na baya zaidi, 2.750 kwetu ni kilo mbili na gramu mia saba hamsini, kule ni elfu mbili mia saba hamsini, namba ileile kwa macho.

Faili sasa halina nukta wala mkato ndani ya namba, gramu na shilingi tu: `19/10,2750,24750`.

10 Novemba: hamsini

Sarafu ndogo inayozunguka sokoni ni ya shilingi 50, kwa hiyo bei ya 24,786 haina maana kwa mtu. Kusogeza kwenye hamsini ya karibu bila desimali ni hivi:

`bei = (bei + 25) / 50 * 50;`

Hapa ule ukataji uliotuibia robo tatu ndo unaotufanyia kazi. 24,786 ukiongeza 25 ni 24,811, gawa kwa 50 unapata 496, kilichobaki kinatupwa, mara 50 ni 24,800. Na 24,770 inashuka 24,750. Nani apate ile tofauti, muuzaji au mnunuzi, hilo hatukuliamua sisi. Akina mama walikaa wakakubaliana isogee kwenye ya karibu, mara impe huyu mara impe yule, na tunahifadhi bei kabla ya kusogezwa ili mwisho wa mwezi waone tofauti imelalia upande gani.

17 Novemba: gharama na hali ilivyo

Bodi 35,000. Sensa na HX711 vikiwa pamoja 28,000. Skrini 18,000. Waya na bredibodi 10,000. Parseli ya basi kutoka Dar 5,000. Ubao na skrubu 7,000. Sensa ya pili 22,000, maana ya kwanza ilikaa bila kufunikwa, maji ya chumvi ya pweza yakaingia kwenye gundi na ikaanza kusoma uzito sahani ikiwa tupu. Jumla 125,000. Hii ya pili tumeipaka silikoni na sahani imeinuliwa ili maji yamwagikie nje. Jumla ya siku inaandikwa kwenye kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika, `long` moja inakula baiti nne tu.

Ukikopi, kabla hujaipeleka sokoni iingizie hizi namba kwa mkono na uhakikishe majibu, kwa bei ya 9,000 na kabla ya kusogeza kwenye hamsini: gramu 2,750 itoe 24,750. Gramu 3,640 itoe 32,760, na 3,641 itoe 32,769, ikitoa hasi una `int` mahali. Gramu 4,000 itoe 36,000. Gramu 100 mara kumi iwashe taa. Beseni likiondolewa mizani isome -350, na bei ya hasi isichapwe kabisa, skrini iandike WEKA BESENI. Anzisha jumla kwenye 33,554,432 uongeze 24,750, upate 33,579,182.

Bei iko mstari wa juu kabisa wa programu, pweza ikipanda unabadilisha hapo tu. Sasa mpwa wangu anaweka vitufe viwili ili shangazi aibadilishe mwenyewe bila laptopu, inapanda na kushuka kwa mia mia.